Osha Kwanza, Rangi Baadaye: Kwa Mafundi Wapya wa Chuma Huku Mtwara

Mwaka wangu wa kwanza kazini hapa Mtwara nilikabidhiwa vishikio vya ngazi ya tenki lililo hatua chache kutoka baharini. Nilisugua kutu kwa brashi ya waya mpaka chuma kikang'aa, nikafuta vumbi kwa kitambaa kikavu, nikapiga praima, yaani rangi ya kwanza ya msingi, asubuhi ileile, kisha rangi mbili za juu. Kazi ilipendeza, hata msimamizi akanisifu. Kabla kusi haijaisha, vishikio viliota malengelenge kama ngozi iliyoungua kwa maji ya moto.

Fundi mkuu wetu hakunigombeza. Alinipa kisu akasema, "Pasua moja, mwanangu." Likachuruzika tone la maji yenye rangi ya chai. Chini yake chuma kilikuwa cheusi, kimetobokatoboka kama mahindi yaliyoingiwa na dumuzi. Akaniuliza, "Rangi haijapasuka popote. Haya maji yamepitia wapi?" Sikuwa na jibu.

Jibu lake, wadogo zangu, ndilo ninalotaka mlishike tangu siku ya kwanza: niliipaka rangi chumvi. Upepo wa baharini hubeba rasharasha za mawimbi, zikatua juu ya chuma na kukauka. Kinachobaki ni chumvi, mara nyingi hata huioni kwa macho. Hewa ikifika unyevu wa asilimia 75 hivi, chumvi ya kawaida hulowa yenyewe bila tone la mvua. Mmeiona ikifanya hivyo kwenye kopo la jikoni. Chumvi ya bahari ina magnesi pia, na hiyo hulowa mapema zaidi. Ukiifukia chini ya rangi, inaendelea kuvuta unyevu kupitia rangi yenyewe, kidogo kidogo, mpaka lengelenge linatuna. Brashi ya waya haiitoi. Inaisukuma tu ndani ya vitundu.

Kwa hiyo osheni. Grisi na mafuta yaondolewe kwanza kwa sabuni yake, halafu maji ya presha yasiyo na chumvi, halafu ndipo msugue au mpige mchanga, na kama chuma kilikuwa na kutu ya vitundu, osheni tena na kupima chumvi iliyobaki kabla ya kugusa kopo la praima. Mtaambiwa mnachelewesha kazi. Vumilieni.

Nikigusia kupiga mchanga: nimeona vijana wakichota mchanga wa ufukweni kwa sababu ni wa bure. Tafadhali msifanye hivyo. Mnakipigilia chuma chumvi ileile mnayoikimbia, na vumbi la mchanga wa kawaida lina silika inayoharibu mapafu moja kwa moja. Tumieni changarawe maalumu ya kazi hiyo, na kinga ya kupumulia ya kweli, si kitambaa cha puani.

Tazameni pia umande. Alfajiri huku kwetu chuma huwa kimelowa hata mvua isiponyesha. Chuma kiwe na joto linalozidi kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa huanza kutua umande, kwa angalau nyuzi 3 za Selsiasi, na unyevu wa hewa usizidi asilimia 85. Mimi nilipiga praima mapema kwa kukimbia jua, na hilo lilikuwa kosa la pili.

Rangi huzikimbia ncha kali, ikabaki nyembamba hapo. Kingo za bapa, vichwa vya boliti na mishono ya kuchomelea vipakwe kwanza kwa brashi ya mkono, kisha ndipo upake eneo lote.

Mengine mtayajua kwa kuzunguka na kuangalia. Nguvu zenu zikiwa chache, anzieni maji yanapotuama: chini ya miguu ya nguzo, ndani ya chuma cha pembe kilicholala kama mfereji, chini ya vibana bomba, chini ya vifuniko vya kuhifadhi joto ambako bomba huoza huku bati la nje linang'aa. Tobo moja la kutolea maji linaweza kuokoa boriti nzima. Na msichanganye metali ovyo. Boliti ya chuma cha kawaida kwenye bamba kubwa la chuma cha pua kisichoshika kutu italiwa haraka, kwa sababu metali dhaifu ndiyo inayojitoa kwa ajili ya ile imara, na ikiwa ndogo huisha upesi. Wekeni katikati washa ya plastiki na mrija wa plastiki unaovishwa boliti, umeme usipite.

Kwa mabomba yaliyofukiwa na nguzo zilizo majini, rangi hupewa msaidizi, ama vipande vya zinki, alumini au magnesi vinavyoliwa badala ya chuma, ama umeme kutoka kwenye mtambo. Kwenye udongo tunalenga volti hasi 0.85, tukipima kwa kulinganisha na elektrodi ya shaba iliyo ndani ya salfeti ya shaba. Ukizidisha sana, rangi inabanduka, kwa hiyo mita isomwe na iandikwe kila mara, hata pale inapoonyesha kuwa mambo ni shwari.

Vile vishikio tulivikwangua upya, mimi na fundi mkuu. Tuliviosha mara mbili, tukasubiri mpaka saa nne jua likishika, ndipo akanipa brashi. Hadi leo nikipita pale huvipapasa kwa kiganja upande wa chini, unaoelekea bahari, nikitafuta uvimbe.