Pikipiki ya Kentucky, Taito ya Ohio

Nyumbani Tanzania niliendesha pikipiki miaka mitatu kwa kadi yenye jina la mtu nisiyemjua. Hata aliyeniuzia hakuwa yeye mwenye jina. Kadi ilishapita mikono mingi, na nikisimamishwa na trafiki nilikuwa natoa kadi, bima na maelezo marefu. Kubadilisha jina lilikuwa jambo la "tutaenda TRA wiki ijayo", na hiyo wiki haikufika mpaka nikaiuza, kwa kadi ileile.

Mazoea hayo nilihama nayo hadi Columbus, Ohio, na ndiyo yaliyonigharimu.

Niliona Honda Rebel 500 ya mwaka 2019 inauzwa Louisville, jimbo la Kentucky, kwa dola 4,200. Kutoka kwangu mpaka kule ni barabara moja tu, I-71, kama maili 210, unavuka mto Ohio pale Cincinnati na kunyoosha. Nina rafiki Louisville, Mkongomani wa Bukavu, nikamwomba akaikague. Akanipigia: "Kaka, moto iko muzuri, kuya tu." Kwao moto ni pikipiki. Jumamosi nikakodi trela nikaenda.

Muuzaji alikuwa kijana mstaarabu. Akatoa taito, yaani hati ya umiliki, akaiweka juu ya boneti ya gari lake, akasaini nyuma, nami nikasaini. Tukahesabu pesa, tukapeana mikono, tukafunga pikipiki kwa mikanda. Nilirudi Columbus naimba.

Jumatatu nikaanza na kosa dogo: nilikwenda BMV, idara ya magari ya jimbo, kuomba plate namba. Nikapanga foleni, zamu yangu ilipofika nikaambiwa plate haitoki bila taito ya Ohio, na taito haitolewi pale. Wageni wengi tunanaswa hapa. Ohio wamegawa kazi hii mara mbili: taito inatolewa na ofisi ya karani wa mahakama ya kaunti, kitengo chake cha taito, na BMV kupitia mawakala wake wanahusika na usajili na plate. Majimbo mengine yanafanya yote dirisha moja, ndiyo maana maelekezo ya shemeji yako aliyeko jimbo lingine yanaweza kukuzungusha mchana kutwa.

Nikaenda kwenye taito. Mama wa dirishani akaipokea karatasi, hata upande wa mbele hakuuangalia. Akaigeuza. Akauliza, "Notari yuko wapi?"

Nyuma ya taito kuna sehemu ya kuhamisha umiliki: jina la mnunuzi, bei, tarehe, maili zilizosomeka, saini. Kentucky inataka saini ya muuzaji iwekwe mbele ya notari au karani wa kaunti, naye agonge muhuri wake. Notari ni yule mtu anayeshuhudia viapo na saini, kazi ambayo kwetu hufanywa na wakili. Ohio yenyewe ina sharti hilohilo, na Pennsylvania vilevile. Indiana na Michigan hawadai. Kwa hiyo jirani yangu aliyenunua gari Indiana aliponiambia "wewe saini tu, hamna kitu", hakunidanganya. Alikuwa anazungumzia Indiana, mimi nikasikia Marekani nzima.

Basi saini yetu ya bonetini haikuwa na kazi. Nilitaka niitume taito kwa posta ili muuzaji aende kwa notari peke yake, lakini nikajiuliza: ikipotea, nabaki na nini? Nikampigia. Siku ya kwanza hakupokea, ya pili hakupokea. Ya tatu akapokea akasema anapakia vitu, anahamia Texas. Jumamosi ile nikarudi Louisville asubuhi na mapema, tukakutana benki kabla haijafunga saa sita, notari wa benki akagonga muhuri. Hata dakika kumi hazikufika. Maili 420 kwenda na kurudi kwa ajili ya muhuri mmoja! Angekuwa ameshaondoka, ningebaki na chuma kisicho na mwenyewe, maana Ohio mtu asiye na taito halali mara nyingi huishia kuomba amri ya mahakama ndipo apewe.

Ndiyo maana leo mtu akiniambia anakwenda kununua pikipiki jimbo jingine, namuuliza kwanza mtakutana wapi. Kutaneni benki, au ofisi ya karani wa kaunti kule kwa muuzaji. Benki nyingi zina notari, na mteja wao mara nyingi halipishwi. Pesa mnazimalizia palepale kwa hundi ya benki, huna haja ya kutembea na bahasha ya noti kwa mtu usiyemfahamu. Na muuzaji akikwambia benki ni mbali, tumalizane hapa kwenye maegesho ya duka, mwambie utamsubiri mpaka atakapopata nafasi. Pikipiki zipo nyingi.

Kabla hajasaini, ishike ile taito uisome kama unayesoma mkataba wa nyumba. Jina lililoandikwa mbele lifanane na kitambulisho cha anayekuuzia. Likiwa la mtu mwingine, na huyo mwingine ameshasaini nyuma lakini nafasi ya mnunuzi iko wazi, ondoka. Hiyo ni biashara ya dalali aliyekwepa kuhamisha jina na kulipa kodi, ni kinyume cha sheria, na wewe ndiye utakayeachiwa mzigo. (Yaani ndiyo ile kadi yangu ya nyumbani, nilipoiona kwa macho ya huku niliona aibu kidogo.) Yakiwa majina mawili, ya mume na mke kwa mfano, chukua saini za wote wawili. Ikionyesha benki inadai, dai barua ya benki ya kufuta deni, usikubali "nilishalipa zamani". Ukiona neno salveji, jua bima iliwahi kuihesabu imekufa. Ohio haitakupa taito ya kawaida mpaka ikaguliwe na polisi wa barabara kuu wa jimbo. Na mkikosea kuandika, msifute wala msipake ile rangi nyeupe. Taito iliyofutwafutwa inakataliwa.

Kisha nenda kwenye chuma chenyewe. Namba ya chesesi, huku wanaiita VIN, ina tarakimu na herufi 17 kwa kila pikipiki ya kuanzia 1981, na kwa kawaida imegongwa shingoni, pale usukani unapoingia kwenye fremu. Geuza usukani, washa tochi ya simu, soma herufi moja moja ukilinganisha na karatasi. Herufi I, O na Q hazitumiki, ukiona duara hiyo ni sifuri. Namba ya injini ni nyingine kabisa, usizichanganye. Ile VIN iingize pia kwenye ukurasa wa bure wa NICB, shirika la kampuni za bima linalofuatilia wizi wa vyombo, kuona kama imeripotiwa kuibwa.

Ukifika Ohio na pikipiki ya jimbo jingine, kuna ukaguzi kabla ya taito. Si wa breki wala taa. Mtu anatoka nje, anaisoma VIN na maili, anaandika fomu. Unafanyiwa kwa wakala wa BMV au kwa muuzaji wa magari mapya mwenye leseni, kwa dola chache. Ila pikipiki lazima iwepo pale, picha ya simu haikubaliki, na kwa kuwa bado haina plate unaipeleka juu ya trela. Mimi trela nilisharudisha. Nikakodi tena.

Maili nazo ziandikwe kwa uangalifu. Sheria ya shirikisho inataka muuzaji aziandike na kuzithibitisha kwa vyombo vya modeli ya 2011 na kuendelea, hadi vitimize miaka 20. Muuzaji wangu alitaka kukadiria, nikamwomba awashe tusome wote.

Kodi unalipa kwenye dirisha la taito, kwa kiwango cha kaunti unayoishi: asilimia 5.75 ya jimbo, na kaunti inaongeza yake juu. Kwangu ilizidi dola 300. Atakuja rafiki akushauri muandike bei dola 1,000. Ile bei unaiapia, ndugu yangu, na kwa sisi wenye mafaili ya uhamiaji ambayo hayajafungwa, kiapo cha uongo kwa ajili ya dola 200 ni ujinga tu.

Una siku 30 tangu tarehe ya mauzo. Ukichelewa faini ni dola 5, haitishi, lakini siku hizo zote pikipiki imelala gereji.

Nilipata taito mchana, nikarudi BMV kwa foleni ileile, nikapewa plate moja ndogo ya nyuma. Muuzaji wangu alinitumia ujumbe akiwa Texas kuuliza kama mambo yamekamilika. Nikampigia picha taito yenye jina langu, nikaziba namba kwa kidole gumba, nikamtumia.