Chai ya moto imenigombanisha na mke wangu

SWALI

Shikamoo Mama Muuguzi. Mimi ni fundi magari hapa Moshi, nakaa Soweto, nina miaka 41. Sigara sivuti, pombe nilishaacha. Starehe yangu imebaki moja: chai ya maziwa, tena ile ya kuunguza. Asubuhi gereji vikombe viwili, saa nne kimoja na chapati, jioni kimoja nyumbani, kila kikombe sukari vijiko vitatu. Wenzangu wameniita Jiko, maana namaliza wao bado wanapuliza. Mwaka jana mjomba wangu alifariki kwa saratani ya koo la chakula. Juzi shemeji katuma ujumbe kwenye kundi la familia kwamba chai ya moto ndiyo iliyomuua, na mke wangu kaifungia chupa ya chai kabatini, ufunguo anao yeye. Je, niache chai kabisa?
Jiko, Moshi

JIBU

Marahaba mwanangu, na poleni kwa msiba. Kilichomuua mjomba mimi sikijui, na shemeji yako naye hakijui. Chai yenyewe haina kesi. Mwenye kesi ni moto.

Mwaka 2016, wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliviweka vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya umio, yaani hilo bomba linaloshusha chakula tumboni. Hiyo “huenda” isome vizuri, shemeji kairuka. Kahawa, iliyotiliwa shaka tangu 1991, safari hiyo haikutiwa hatiani. Wanachohofia ni kwamba moto unababua ngozi laini ya ndani, inaanza kupona, kesho unaibabua tena, miaka na miaka.

Na jambo hili ni la kwetu hasa. Ukanda unaoshuka kutoka Ethiopia, Kenya na Tanzania hadi Malawi na Afrika Kusini una saratani hii kuliko sehemu nyingi za dunia. Hapo hapo kwenu Kilimanjaro watafiti waliwahi kuwapima watu chai mkononi, matokeo yakatoka 2015: kwa wastani, mtu alipiga funda la kwanza chai ikiwa imepita nyuzi 70. Kwa hiyo Jiko siyo wewe peke yako, mkoa mzima ni majiko.

Barua yako ilinifanya Jumapili nijifungie jikoni kwangu Njiro na kipimajoto ninachopikia jemu. Hapa Arusha tuko juu, mita 1,400 hivi, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 tu, lakini usidhani hiyo ni nafuu. Chai ya maziwa kutoka sufuriani hadi kikombe cha udongo: 84. Baada ya dakika tano: 73, na ndipo wewe ungekuwa umeshamaliza. Kushuka hadi 64 ilichukua zaidi ya dakika kumi, utando umeshajikunja juu. Nikamimina nyingine kwenye kisahani. Dakika moja na nusu: 58.

Nilicheka peke yangu. Babu yangu kule Old Moshi alikunywa chai kwa kisahani hadi anaingia kaburini, anakishika kwa vidole vitatu, anavuta kwa sauti. Sisi tuliotoka bweni tulimwona mshamba, tukamnunulia kikombe kikubwa chenye mkono.

Sasa sukari, na hapa mimi nakugombeza kuliko mkeo. Vijiko 12 kwa siku ni kama gramu 50, ndiyo mwisho kabisa wanaoruhusu wataalamu kwa mtu mzima, na wangependa uishie nusu yake. Wewe umeumaliza kwenye chai tu, soda ya mchana hujaniandikia na najua ipo. Punguza nusu kijiko kila wiki, ulimi utazoea.

Ukiona ugali au nyama inakwama kifuani, unaisukuma kwa maji, na mkanda unaongeza matundu, usingoje mpaka uji nao ukwame. Hospitali ya KCMC mnayo hapo hapo mjini, nenda ukaulizie kipimo cha kamera ya kooni. Sigara usiyovuta na pombe uliyoacha ni hatari iliyothibitishwa kuliko chai, kwa hiyo kazi kubwa umeshaifanya.

Ufunguo uombe leo, kwa adabu, na mwonyeshe mkeo ukurasa huu. Kisahani gereji najua hutabeba. Chukua vikombe viwili, mimina kutoka kimoja kwenda kingine mara tano sita kutokea juu, halafu hesabu bolti za gurudumu moja ndipo unywe. Chupa ya chai usiiamini: yangu baada ya saa mbili bado ilisoma 76.