Usitupe hiyo epo eti ina ukurutu

Nyie mnaokuja Kent, Uingereza, msimu huu kuchuma matunda, kuna kitu mimi sikuambiwa nikaumbuka. Wiki ya kwanza nikapangiwa mistari ya epo aina ya Egremont Russet, naangalia epo zote za kahawia, zinakwaruza kama ganda la kiazi, nikasema hizi zimeugua, nikawa nazitupa chini naweka kwenye ndoo zile laini tu. Supavaiza alipofika akashika kichwa. Kumbe ngozi ndo ilivyo, hii ni aina ya zamani ya Sussex, inajulikana tangu 1872, na ladha yake ina kaukaranga fulani hivi ambako kwenye epo laini kama Gala hukapati.

Sasa shida ni kwamba rangi haikusaidii kujua imeiva. Pasua moja uone mbegu, zikiwa za kahawia vizuri sawa, au wanapaka ayodini, penye wanga bado, yaani hapajaiva, panageuka bluu nyeusi. Kuchuma usivute jamani! Ipakate kiganjani, inua juu huku unazungusha kidogo, ikiwa tayari inaachia yenyewe na kikonyo chake. Na usiidondoshe kwenye ndoo, maana hii ikigongwa alama huioni haraka kama kwenye epo laini, utaikuta imeoza stoo.

Ukibahatika kupewa kazi ya kupanda miche, hapo makini sana. Miti hii inabebeshwa, yaani inaunganishwa, kwenye shina la chini la mti mwingine linalofanya mti ubaki mfupi, kama aina inayoitwa M9. Ile sehemu ya kiungio ibaki juu ya udongo, ukiifukia, ile sehemu ya Egremont iliyo juu nayo inatoa mizizi yake na ufupi wote umeisha. M9 pia inataka nguzo maisha yake yote, mizizi yake dhaifu. Kupogoa ni winta. Egremont inazaa kwenye vitawi vifupi kwa hiyo ukikata ncha haidhuru sana, ila ukienda shamba lenye Golden Russet ya New York, aina nyingine ya epo, usikate ncha zote, ile inazaa huko huko nchani.

Maji yasiwe leo mengi kesho hakuna, kalsiamu haifiki kwenye tunda unapata vidoa vyenye uchungu chini ya ngozi, na Egremont kwa hilo ni dhaifu.

Za kula nyumbani weka kwenye mfuko wa plastiki wenye matundu, sehemu ya baridi. Zikiachwa wazi zinanyauka haraka, ngozi hii inapoteza maji kuliko zile laini. Zangu huwa nafika nazo Desemba.