Sheria za maziwa kwa mafundi cherehani

Kosa langu kubwa katika kazi hii ya kulea vyama vya ushirika nililifanyia Kariobangi, Nairobi. Mafundi cherehani 14 walitaka kusajili chama, nami nilitaka kuwarahisishia. Usiku mmoja nikachukua sheria ndogo za chama cha maziwa nilichowahi kukisaidia, nikabadilisha jina, nikatoa nakala 4. Mkutanoni mama mmoja alikuwa akifuata mistari kwa kidole. Akainua macho: "Mwalimu, hapa pameandikwa asiyeleta maziwa miezi mitatu anaondolewa. Sasa mimi ng'ombe nitamfuga wapi?"

Walicheka mpaka machozi. Mimi sikucheka sana.

Tangu siku hiyo siandikii mtu sheria ndogo. Nauliza, katibu wao anaandika. Anayejitoa atarudishiwa hisa zake lini? Mweka hazina akilazwa, nani mwingine ana namba ya siri ya laini ya M-Pesa ya chama? Wakibishana saa mbili juu ya faini ya kuchelewa, nakunywa chai yangu. Afadhali wagombanie shilingi 50 leo kuliko laki moja mwakani.

Usajili wenyewe si mlima. Watu 10 waliotimiza miaka 18 wanatosha, na afisa wa ushirika atawaonyesha fomu. Kinachoua vyama ni pupa. Karibu kila kikundi ninachokutana nacho kinataka fosa, ile kaunta ya kuweka na kutoa pesa, mwaka wa kwanza! Nikiwaambia leseni yake hutolewa na SASRA, mamlaka inayosimamia sacco nchini Kenya, na mtaji wa msingi usipungue shilingi milioni 10, kimya kinatanda. Hapo huwasimulia waanzilishi wa chama cha ushirika cha Rochdale, Uingereza: mwaka 1844 walikuwa watu 28, na duka lao lilianza na vitu kama siagi, sukari, unga na mishumaa. Mafundi wangu walianza na uzi na bitana, wakinunua kwa jumla Eastleigh na kugawana kwa daftari.

Mlezi mwenzangu, usikubali kuwa mtia saini wa akaunti, na usiguse kitabu cha risiti hata mweka hazina akichelewa. Tena wajue mapema utaondoka lini. Mkutano wa saba nilikaa nyuma, karibu na mlango. Wa nane sikwenda. Jioni simu ikalia, katibu huyo, nikajua mambo yameharibika. Kumbe alikuwa anauliza kama ni mimi niliyebeba mwavuli wake.