Kompyuta yasema vifungo vipo, stoo hakuna

SWALI: Mimi ni mpangaji wa uzalishaji katika kiwanda cha mashati. Tulinunua programu ya kupanga uzalishaji na kuagiza malighafi, lakini mashine bado zinasimama kwa kukosa vifungo au uzi, huku kitambaa kimejaa hadi kwenye korido. Muuzaji anatushauri tuongeze akili mnemba itakayotabiri mauzo. Tununue?

JIBU: Msinunue kwanza, ndugu yangu. Vifungo vinapotea stoo, na utabiri hata uwe mzuri vipi hautavirudisha.

Programu ya aina hiyo inafuata hesabu ambayo Joseph Orlicky aliieneza katika viwanda vya Marekani kuanzia miaka ya 1960. Inachukua ratiba ya uzalishaji, orodha ya kila kinachoingia katika bidhaa na kiasi kilichopo stoo, kisha inakwambia uagize nini na lini. Kimoja kikiwa na kasoro, jibu lote limeharibika. Chukua mashati 1,000 yenye vifungo 8 kila moja: vinahitajika 8,000. Rekodi inasema vipo 5,000, kwa hiyo kompyuta inaagiza 3,000. Kumbe kwenye boksi vimo 2,000 tu, kwa sababu zamu ya usiku ilichukua pakiti bila kuandika. Mashati 375 yatakosa vifungo, na kompyuta imejumlisha sawasawa.

Nilitunza stoo kabla ya kuwa mpangaji, na jambo hili linaniuma: mtunza stoo ndiye anayelisha mfumo mzima, lakini ndiye wa mwisho kupelekwa mafunzoni. Mpeni skana ya msimbopau, kila kinachotoka kisomwe papo hapo. Kila siku ahesabu aina chache, na zile zinazosimamisha mashine zihesabiwe mara nyingi zaidi. Msingoje mwisho wa mwaka. Tofauti ikionekana, tafuteni chanzo chake siku hiyohiyo. Kubadilisha namba tu ni kuficha ugonjwa.

Kitambaa kina kisa chake. Duka likiongeza oda kidogo, nanyi mnaongeza ya tahadhari, na mwenye kitambaa anaongeza yake. Jay Forrester, profesa wa chuo kikuu cha MIT cha Marekani, alilieleza hilo mwaka 1961: badiliko dogo dukani linazidi kukua kadiri oda zinavyopanda kuelekea kiwandani. Waombeni wenye maduka mauzo yao halisi ya kila wiki.

Rekodi na stoo zikishalingana miezi kadhaa mfululizo, mrudieni muuzaji wenu. Programu yake ijifunze kwa mauzo hayo ya madukani, wala msiilishe oda.