Aliyekwangua na Aliyepiga

SWALI: Juzi, barabara ya Mwanga kwenda Ujiji, dereva wa daladala alishuka na spana akampiga bodaboda aliyemkwangulia kioo cha pembeni. Watu wakasema, "Amejitakia, bodaboda ndio zao." Je, ni haki? Msomaji, Kigoma.

JIBU: Si haki, ndugu msomaji. Kukwangua kioo ni jambo la kumwita trafiki apime na kuamua, ilhali kumpiga mtu spana ni shambulio, nalo ni jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, hata aliyepigwa awe na kosa. Kinachoniuma zaidi ni hilo "ndio zao": tukichomekea sisi, tunasema tunawahi mgonjwa, akichomekea kijana wa pikipiki, tunasema hana adabu. Ulishuhudia, nenda kituoni ukatoe maelezo, na majeruhi apatiwe PF3, yaani fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali.