Forester turbo imekosa nguvu baada ya kuhamia Tabora: usinunue turbo nyingine bado

Mkuu, nimesoma maelezo yako hadi mwisho. Subaru Forester XT ya lita 2.0, imetoka Dar ikiwa na daunipaipu (bomba la ekzosi linalotoka kwenye turbo) isiyo na kataliti, kile kisafisha moshi, na blo-ofu, valvu ya kuachia presha ya turbo, inayotemea hewa nje. Tangu uhamie Tabora haivuti kama zamani. Ukiachia mafuta ghafla inatoa moshi mweusi na kutaka kuzimika, ukikanyaga unasikia hewa ikifoka mahali fulani chini ya boneti, na geji ya busti (presha inayoongezwa na turbo), injini ikinguruma bila kukanyagwa, inasoma bar -0.55 wakati Dar ilikuwa -0.65. Fundi amesikiliza akasema turbo imekufa. Ombi langu ni moja: hela ya turbo iache mfukoni mpaka upime hewa inapotelea wapi. Kwa dalili ulizoandika, turbo ni ya mwisho kushukiwa.

Nasema hivyo kwa sababu nina Forester kama hiyo, naiendesha hapa hapa Tabora, na kazi zake karibu zote nazifanya mwenyewe uani. Nimeshaona turbo nzima zikifunguliwa na kuwekwa pembeni kama chuma chakavu, kumbe kilichopasuka ni mpira.

Anza na geji, maana hiyo imekutisha bure. Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Dar hewa inakandamiza kwa takribani bar 1.01, huku kwetu ni kama 0.88. Geji yako inalinganisha presha ya ndani ya manifoldi, yaani mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda, na hewa ya nje. Hewa ya nje ikipungua, namba ya vakyumu nayo inapungua. Kwa hiyo -0.55 ya Tabora haina tofauti na -0.65 ya Dar kiafya. Kitu cha kuangalia ni sindano itulie. Ikichezacheza, hapo kuna mpira unaovuta hewa, au silinda inayomisi, au valvu isiyofunga vizuri.

Urefu huu una jambo jingine ambalo watu wengi wanaotoka pwani hawaambiwi. Injini isiyo na turbo ikifika huku inapoteza zaidi ya asilimia 10 ya nguvu zake na basi. Yenye turbo inaweza kufidia, lakini turbo yenyewe ndiyo inabeba mzigo. Chukua busti ya 0.8 ukiwa Dar: jumla ya presha ni kama bar 1.81, yaani turbo imekandamiza hewa mara 1.8. Ukiitaka jumla hiyohiyo Tabora, geji lazima isome 0.93, na turbo imekandamiza mara 2 na ushee. Inazunguka kasi zaidi na hewa inatoka ya moto zaidi. Shafti ya turbo hizi ndogo inapita mizunguko 100,000 kwa dakika ikielea juu ya utando wa oil tu. Ndiyo maana kontroli boksi (kompyuta ya injini) nyingi za kiwandani zimepangwa kupunguza busti kidogo gari likipanda juu. Sehemu ya nguvu unazozikosa ni hiyo, na haina ugonjwa. Mtu akikushauri ufunge kile kikoki cha mkono cha kuongeza busti ili urudishe nguvu za Dar, mkatalie.

Moshi mweusi ukiachia mafuta ni kazi ya blo-ofu. Hii injini inapima hewa mapema, kwenye sensa iliyo baada ya filta. Hewa ikishapita pale, kontroli boksi imeihesabu na imepanga petroli yake. Wewe unapoachia mafuta, blo-ofu inaitupa nje hewa ambayo tayari imehesabiwa. Petroli inabaki nyingi, hewa hakuna, moshi mweusi, injini inakata pumzi. Valvu ya kiwandani inairudisha hewa hiyo kwenye bomba la kuingilia turbo, hesabu inabaki sawa. Mlio wa psshh najua vijana wanaupenda, lakini kwenye gari lenye sensa ya namna hii unaulipia kwa petroli na kwa plagi zilizojaa masizi. Kama ile ya zamani unayo, irudishe kabla ya kugusa kitu kingine.

Sasa kupima hewa. Hapa ndipo ningetaka ukae kwa utulivu, maana ndiyo kazi yenye majibu mengi kuliko zote na haihitaji karakana. Nenda duka la vifaa vya maji ununue kizibo cha bomba la plastiki kinachoingia kwa kubana kwenye bomba la hewa linalotoka kwenye sensa kwenda turbo. Katikati kitoboe, mwombe fundi wa matairi akuwekee valvu ya tairi la tyubulesi, ya kukaza kwa nati ikiwezekana. Fungua boksi la filta, ondoa sensa taratibu bila kushika waya zake za ndani, chomeka kizibo, kaza klipu. Kisha jaza hewa kwa pampu ile ndogo ya umeme wa 12V au kompresa ya fundi matairi. Ishia bar 0.5, usipite 0.7, maana sili za injini hazikuumbwa kubeba zaidi kutoka upande huo. Na usikae mbele ya kizibo, kikichomoka kinaumiza.

Mwenye maji ya sabuni kwenye chupa ya kupulizia ndiye atakayeona. Nyunyizia kila kiungo kuanzia kwenye kizibo hadi manifoldi, tafuta mapovu. Ukisikia mfoko kwenye mdomo wa kujazia oil, hewa inapita kwenye mipira ya kupumulia krankikesi, nyumba ya krenki; hiyo kidogo ni kawaida, ikiwa nyingi sana valvu ya PCV, ile ya kupumulia krankikesi, imekufa. Ukisikia kwenye ekzosi, zungusha krenki kidogo kwa spana, huenda valvu za silinda moja zilikuwa wazi kwa pamoja.

Kwenye Forester hizi kwanza nashuku lile bomba la kuingilia turbo linalopita chini ya manifoldi. Limekaa kwenye joto tangu gari litoke kiwandani, na Forester za kizazi hiki ni za 2002 hadi 2007. Linakauka, linapasuka upande wa chini usioonekana hata ukiinama na tochi. Ufa wake unafunguka injini ikivuta na unajifunga injini ikizimwa, ndiyo maana fundi anayeangalia kwa macho tu haoni kitu. Pili ni viungo vya intakula, kipozeo cha hewa inayotoka turbo: ikitolewa mara moja kwa kazi nyingine na klipu zikarudishwa bila kukaa sawa, hewa itafoka kila ukikanyaga. Mlio ulioueleza unanipeleka huko.

Halafu kuna mipira myembamba ya westigeti, ule mlango unaopitisha ekzosi kando ya turbo ili busti isizidi. Humo ndani kuna kipande kidogo sana cha kupunguza tundu, kinakaa ndani ya mpira na hakionekani kwa nje. Mtu akibadilisha mpira mgumu kwa mpya akautupa ule wa zamani, kipande kinaondoka nao. Baada ya hapo busti haipandi zaidi ya karibu nusu bar hata ufanyeje, kwa sababu solenoidi, valvu ya umeme inayoongozwa na kontroli boksi, haiwezi tena kuipunguzia westigeti presha. Mpira huo ukichomoka kabisa ni kinyume chake: busti inapanda bila kikomo, kontroli boksi inakata petroli, na unahisi kama gari limegonga ukuta. Hizo dalili mbili zinatofautiana kabisa, kwa hiyo tazama geji inafika wapi kabla ya kufungua chochote.

Ukimaliza upande wa hewa baridi, sikiliza upande wa ekzosi. Gasketi ya bomba linalopandisha moshi kwenye turbo ikivuja, turbo inachelewa kuamka na utasikia tik tik tik asubuhi injini ikiwa ya baridi. Baadhi ya injini hizi zina kataliti ndani ya bomba hilohilo, na ikimeguka vipande vinaingia moja kwa moja kwenye turbo. Ukifika hapo, chungulia.

Kama vyote hivyo ni vizima, ndipo uipime turbo. Injini ikiwa imepoa, ifikie shafti kwa kidole. Kuchezacheza kidogo upande kwa upande ni kawaida, ule ni uwazi wa oil. Kwenda mbele na nyuma usisikie kitu. Tazama mapanga kama yamegusa ukuta wa nyumba yake au ncha zimeliwa. Utando mwembamba wa oil kwenye intakula usikushtue, unatoka kwenye kupumua kwa injini. Oil ya kumwagika ni jambo jingine, na hata hapo angalia kwanza bomba la kurudishia oil na ile PCV, kwa sababu oil ikikosa njia ya kushuka itapita kwenye sili hata kama turbo ni mpya.

Turbo haifi yenyewe. Inauawa na oil chafu, oil kidogo, vumbi, au vipande vya kitu kilichovunjika mbele yake. Ukifunga nyingine bila kumjua muuaji, nayo itakufa, na ile ya mtumba ya Kariakoo au Ilala haiji na historia yake. Mimi oil nabadilisha kabla ya kilomita 5,000 na nainunua duka ninalolijua, nikikagua sili ya kopo. Kwenye joto letu la Septemba na Oktoba natumia 5W-40. Ukitoka safari ya Nzega au Sikonge umekanyaga, usizime papo hapo, acha ingurume dakika moja au mbili.

Vumbi ndilo linaloniuma zaidi nikiona filta za koni zimefungwa wazi chini ya boneti za magari ya huku. Zinavuta hewa ya moto ya injini, na ukiacha lami kuelekea vijijini kiangazi zinapitisha vumbi linalosaga mapanga ya turbo na ringi za pistoni. Zile za pamba yenye mafuta zinachafua na sensa ya hewa. Rudisha boksi la kiwandani, weka filta ya karatasi, hakikisha kingo zimebana pande zote. Kwa Tabora hiyo ndiyo filta ya mwenye turbo.

Plagi zitoe zote nne. Kwenye injini ya boksa, ambayo silinda zake zimelala pande mbili, ni usumbufu, mkono unakwaruzika, lakini zinasema ukweli. Uwazi uwe kati ya milimita 0.7 na 0.8. Ukizidi, cheche inazimwa na presha ya busti, gari linamisi ukikanyaga tu na linatulia ukiachia, na wengi wanakimbilia kununua koili.

Kuhusu kusoma kontroli boksi: vile vifaa vidogo vya bluetooth vya OBD, vya kuchomeka kwenye soketi ya kupimia gari, mara nyingi havielewani na Subaru za soko la Japan za miaka hiyo, kwa hiyo usishangae simu ikikataa. Kebo ya KKL ya USB na programu ya bure ya RomRaider kwenye kompyuta ndogo inafanya kazi. Rekodi marekebisho ya nok (petroli kulipuka vibaya ndani ya silinda) na ile namba inayoitwa IAM, inayoonyesha kontroli boksi inairuhusu taimingi ya cheche kiasi gani. Ikiwa kamili inasoma 16, au 1 kwenye kontroli boksi mpya zaidi. Ikishuka, injini imesikia nok na inajilinda kwa kurudisha nyuma taimingi, na hiyo peke yake inalifanya gari lionekane limechoka. Injini hii ilitengenezewa petroli ya daraja la juu ya Japan, ambayo kiwango chake cha chini ni oktani 96. Jaza vituo vinavyouza sana, na petroli ya kwenye madumu ya njiani usiiguse.

Hapo ndipo inaingia daunipaipu. Ni badiliko zuri, turbo inapumua na kuamka mapema, ila imeondoa kizuizi ambacho hesabu za kiwandani zilikitegemea, na busti inaweza kurukia juu ya lengo. Inataka kupangiwa ramani upya, na ramani iliyopangwa Dar ipimwe tena hapa Tabora. Usiongeze kitu kingine mpaka uwe na geji ya mchanganyiko wa hewa na petroli. Ukiwa umekanyaga mwisho kwenye busti, namba iwe karibu na 11 kwa 1. Ikienda 13 achia mafuta mara moja, hapo pistoni ziko hatarini. Na kama hujui mkanda wa taiming ulibadilishwa lini, chukulia kwamba kikomo cha kilomita 100,000 kimeshafika. Ukikatika kwenye injini hii valvu zinagonga pistoni.

Ukimaliza, andika hapa mambo manne: sindano inatulia au inacheza, busti ya juu kabisa uliyoiona ukiwa gia ya tatu, rangi ya kila plagi kwa silinda yake, na IAM kama umeipata. Kizibo chenye valvu ninacho tayari na kinaingia kwenye bomba la Forester. Uko mjini, nitumie ujumbe, ukichukue Jumamosi.